Ranganathan alifungua rafu za vitabu, sisi bado tunazifunga

Muulize mtu yeyote aliyesomea ukutubi, yani kazi ya maktaba, hapa Afrika Mashariki, atakutajia sheria tano za maktaba za Ranganathan bila kuvuta pumzi: vitabu ni vya kutumika, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Anazijua manake zilikuja kwenye mtihani. Ila ukimuuliza huyo Ranganathan alikuwa nani, alifanyia kazi wapi, chini ya serikali gani, hapo wengi wanaanza kubabaika, na mimi naona tatizo letu linaanzia hapohapo, kwa sababu zile sheria ukiziondoa kwenye maisha ya aliyeziandika zinabaki maneno ya kubandika ukutani, wakati zilipoandikwa zilikuwa ugomvi kabisa. Ugomvi na fikra iliyoona kitabu ni mali ya kulindwa na msomaji ni mtu wa kushukiwa.

Shiyali Ramamrita Ranganathan alizaliwa 1892 kusini mwa India, upande wa Tanjore, enzi hizo Mwingereza ndo mtawala. Wala hakuwa na mpango na maktaba. Alikuwa mwalimu wa hesabu Presidency College mjini Madras, mji ambao siku hizi unaitwa Chennai, kazi anaipenda lakini mshahara hautoshi. Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Madras kikatangaza nafasi ya mkutubi, waombaji wakafika kama 900, yeye akajaza fomu kama wengine, na alichokuwa anakijua kuhusu maktaba ni kile alichokisoma kwenye Encyclopaedia Britannica kabla ya intavyuu. Wakampa. Januari 1924 kaanza kazi, wiki haijaisha karudi kwa mkuu wa chuo chake cha zamani anaomba arudishwe darasani, upweke wa ile maktaba ulimshinda. Wakakubaliana hivi, nenda kwanza London ukaisomee hiyo kazi, ukirudi na bado huitaki basi nafasi yako ya kufundisha ipo.

London ndo iliyombadilisha, na hapa naomba tukae kidogo. Alisoma University College, mwalimu wake mmoja alikuwa W. C. Berwick Sayers, mkutubi mkuu wa Croydon, halafu akazunguka maktaba zaidi ya 100 za Uingereza. Huko akaona vibarua, watoto, akina mama wa nyumbani wanaingia maktaba ya mtaa, wanashika vitabu kwa mikono yao, wanaazima wanaondoka, na hela ya kuendesha yote hayo inatoka kwenye kodi ya halmashauri. Uingereza walikuwa na sheria ya maktaba za umma tangu 1850! Yani yule aliyekuwa anaitawala India alijua kabisa maktaba ya wananchi inaendeshwaje, miaka zaidi ya 70 anaijua, kwake anayo, ila kwenye koloni kitu hicho hakukipa uzito hata kidogo. Naamini Ranganathan hiyo tofauti ilimchoma, kwa sababu aliporudi 1925 ile habari ya kurudi kufundisha hesabu iliisha palepale.

Watu wakimwandika huwa wanakimbilia Colon Classification, ule mpango wake wa kupanga vitabu uliotoka 1933. Ni kazi kubwa sikatai. Wazo alilipata London alipoona dukani vyuma vya Meccano vya watoto kuchezea, vipande vichache unaviunganisha unapata kitu chochote unachotaka, akasema mada za vitabu nazo ziunganishwe hivyohivyo badala ya kila mada kupewa kishimo chake tangu mwanzo kama alivyofanya Dewey kule Marekani mwaka 1876 kwenye mpango wake wa kupanga vitabu kwa namba. Kwenye meli ya kurudi nyumbani alishaanza kuujaribu kwenye maktaba ya melini. Na alikuwa na sababu, we angalia tu Dewey alivyoigawa dini, kuanzia namba 200 karibu yote ni Ukristo, halafu Uislamu, Uhindu, Ubuddha na dini nyingine zote duniani zimebananishwa kwenye 290. Fasihi yetu ya Kiswahili nayo ukiitafuta ipo 896.392, mwisho kabisa wa foleni. Mtu wa Madras hawezi kuupokea mpango kama huo bila kuuliza maswali. Pamoja na hayo, mimi kwa maoni yangu mpango wa namba sio kitu chake kikubwa, na maktaba nyingi duniani mpaka leo zinatumia Dewey.

Kitu chake kikubwa ni ile sheria ya kwanza. Mwaka 1928 alikuwa anahangaika kutafuta msingi mmoja wa kazi yote hii, mwalimu wake wa zamani wa hesabu, Edward Ross, akamsikiliza akamwambia kwani unachosema si kwamba vitabu ni vya kutumika tu? Basi zile nyingine nne zikafuata, na 1931 kitabu kikatoka.

Sasa huo mwaka 1931 ushike vizuri. Mwaka huohuo Nairobi ilifunguliwa maktaba ya McMillan, jengo zuri lenye nguzo na simba wa mawe mlangoni, ambayo Mwafrika na Muasia hawakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka 1958. Himaya ni ileile moja, mwaka mmoja, huku mtu anaandika kila msomaji na kitabu chake na kule mlango unachagua rangi ya ngozi. Mwanafunzi wa ukutubi akifundishwa haya mawili kwa pamoja hataisahau ile sheria ya pili maisha yake yote.

Na huko kwao hakuishia kuandika. Chuoni rafu zikawa wazi, msomaji anaingia mwenyewe anachagua. 1928 alishiriki kuanzisha chama cha maktaba cha Madras, mwaka uliofuata mafunzo ya wakutubi yakaanza. 1931 hiyohiyo, kule Mannargudi, mhandisi mmoja mstaafu, S. V. Kanagasabai Pillai, akachukua wazo akalitia kwenye gari la kukokotwa na ng'ombe, vitabu vikawa vinazungushwa vijijini. Sisi tumekuja kuwaona ngamia wa kubebea vitabu vya maktaba kule Garissa, Kenya, 1996. Inasemwa kwa miaka 20 ya Madras alikuwa anafanya kazi masaa 13 kwa siku bila likizo, hata siku ya ndoa yake mchana alirudi ofisini, na hilo mimi silisifii hata kidogo, mke alikuwa na haki yake. Ila sikatai kwamba mtu huyu aliamini anachokifanya. Alipohamia chuo kikuu cha Banaras, kaskazini mwa India, 1945 alipanga vitabu karibu 100,000 peke yake.

Halafu ndo nakuja kwetu na roho inaniuma. Zipo maktaba, za vyuo hasa, ambapo mpaka leo unaacha begi, unaandika jina, unajaza karatasi, unasubiri mhudumu akakuletee kitabu kutoka nyuma, na akikosa kukiona ndo basi, na kile kizuri kuliko vyote kipo kwenye kabati lenye kufuli "kisiibiwe". Kitabu kimekaa miaka hakijaguswa na wanakihesabu kila mwaka kwamba kipo salama. Waliosimamia hapo wamesoma Ranganathan, sina shaka. Siwalaumu wao sana, manake kitabu kikipotea wanakatwa mshahara au wanaandikiwa barua, na kisiposomwa hakuna anayeulizwa kitu. Wabadilishe hapo kwanza. Mkutubi aulizwe vitabu vingapi vimetoka, sio vingapi vimebaki.

Na hela. Ranganathan alijua maneno matupu hayaendeshi maktaba, tangu 1930 alikuwa ameshaandika rasimu ya sheria ya mfano, akapigwa chenga miaka yote ya ukoloni, mpaka 1948, uhuru umeshapatikana, Madras ikawa jimbo la kwanza kwenye India huru kupitisha sheria ya maktaba za umma. Ndani yake kuna tozo ndogo juu ya kodi ya majengo, inaenda moja kwa moja kwenye maktaba, na Tamil Nadu, ndo jina la jimbo hilo siku hizi, wanaikusanya mpaka leo. Kenya katiba ya 2010 imeshazikabidhi kaunti kazi ya maktaba, na Tanzania kodi ya majengo tunaijua wote tunalipa. Sijasikia mbunge wala diwani akiomba hata asilimia moja yake iende kwenye vitabu, na uchaguzi ukija mimi swali langu kwa anayeomba kura mtaani kwangu litakuwa hilo.