Fundi Pongwe Mpya Hana Jina la Ukoo

Mjomba wangu anauza spea za pikipiki Ngamiani, Tanga, na kwa miaka mingi duka lake lilikaa ndani ya simu ya kitochi. Hela hazikuwamo humo, wala mzigo. Humo zilikuwamo namba: mafundi wa Muheza, Korogwe, Handeni, Mkinga, Pangani, watu wanaopiga saa moja asubuhi kuagiza cheni na klachi, na mzigo unapelekwa stendi ya Kange kupakiwa kwenye basi. Wengine hatujawahi kuwaona sura. Tunawajua kwa sauti tu, na kwa madeni.

Siku moja alikuwa kwenye kivuko cha Pangani, anavuka kwenda Bweni kudai chake, kitochi kikamponyoka kikazama. Kesho yake akaweka kidole kwenye mashine ya wakala, laini ikarudi na namba ile ile. Majina hayakurudi, kwa kuwa aliyahifadhi kwenye simu yenyewe. Mwezi mzima tukamsikia anapokea simu kwa neno moja: "Naam, nani mwenzangu?"

Kama hujawahi kukaa Tanga, pengine huoni tatizo. Fundi amenunua kwako miaka saba, mmezikana, mmealikana harusi, halafu leo anakupigia unamuuliza yeye nani. Wapo waliocheka. Wapo waliojibu kwa ukavu, wakaagiza plagi moja, na hatukuwasikia tena.

Mimi ndiye ninayeshika hesabu za duka. Nikasema namba sasa zinahamia kwenye kompyuta ya mezani, ile ya ankara. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, simu ni ya mkononi, kompyuta ni ya mezani. Utapigaje simu kwa meza?"

Swali zuri, na nitalijibu. Ila niseme mapema ninachoamini baada ya kukaa na jambo hili muda mrefu: katika programu za kutunza namba, kitufe cha kupigia si kitu. Kitu ni kile kisanduku cha chini kabisa ambacho watu hukipita bila kukitazama, kisanduku cha maelezo.

Angalia tunavyosevu watu. Kwenye karatasi alizokuwa nazo mjomba nilikuta "Fundi Pongwe", "Fundi Pongwe Mpya", "Fundi Pongwe Mpya Usimkopeshe", "Mama Cheni", "Babu Klachi" na "Yule wa Maramba". Programu inafunguka inakuuliza: jina la kwanza, jina la ukoo, kampuni, cheo. Fundi Pongwe Mpya hana jina la ukoo. Yaani analo, kwenye kitambulisho chake, lakini si kwenye maisha yetu na yeye. Waliobuni visanduku hivyo walikuwa wanafikiria watu wanaokutana ofisini na kupeana kadi. Sisi mtu tunamjua kwa mahali, kwa kazi, kwa mtoto wake wa kwanza, na kwa lile alilotufanyia mwaka juzi.

Mwanzo nilijitahidi kuwatii. Nikawapigia mafundi kuwauliza majina kamili, na niliambulia kuulizwa kama nimetumwa na watu wa kodi. Nikaacha. Sasa jina tunaloliita ndilo linalokaa kwenye jina la kwanza, mji unakaa kwenye kampuni, ukoo unabaki mtupu. Na kwenye maelezo tunaandika kila kitu: pikipiki anazotengeneza zaidi, anapenda mzigo uwekwe basi gani, anadaiwa nini, mama yake alilazwa lini. Hilo la mwisho si umbea. Simu ya biashara hapa haianzi na bei. Inaanza na habari za asubuhi, za watoto, za huko kwenu, na mgonjwa anaendeleaje. Ukisahau mgonjwa umeharibu. Mjomba alikuwa anakumbuka yote kichwani, na ana miaka sitini na kitu. Mimi na kijana wa dukani hatukumbuki, tunasoma kwenye skrini huku simu inaita.

Mtu ataniambia simu janja yoyote ikiunganishwa na akaunti ya Google inahifadhi majina yenyewe, ikizama unanunua nyingine, unaingia, yote yanarudi. Kweli kabisa, na sisi tunatumia hiyo hiyo Google Contacts, tukiifungua kwenye kompyuta. Ila nani anaandika mistari mitano ya maelezo kwa kidole gumba, mteja amesimama mbele yake? Kwenye simu tunasevu "Fundi 3" tunaendelea na safari. Kwenye kibodi, umekaa, chai iko pembeni, unaandika kama mtu. Pia akaunti ni ya duka. Kijana akiondoka kesho haondoki na wateja mfukoni, na mimi nikiolewa Mombasa vivyo hivyo.

Kuhamisha majina kulinitesa kuliko nilivyotegemea, na hapa nataka mtu anufaike na machozi yangu. Niliandika orodha yote kwenye Excel nikidhani ndiyo njia ya mkato. Excel ikiona tarakimu inadhani ni hesabu, na kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi, ikaifuta. Namba zote zinazoanza na 07 zikawa zinaanza na 7. Nikajaribu kuanza na 255, ikaniletea 2.55 yenye E mwishoni, kama mtihani wa fizikia. Dawa ni kuichagua safu nzima kabla ya kuandika chochote na kuiambia kwamba haya ni maandishi, si namba. Nililijua hilo baada ya kuchapa mafundi mia na kitu mara mbili.

Na andika +255 kwa kila mtu, tafadhali. Sisi wa Tanga tuna sababu ya ziada: tuna wateja ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Namba nyingi za simu za mkononi za Kenya nazo zinaanza na 07, zina tarakimu kumi kama zetu. Fundi wa Mombasa ukimsevu kwa 07 bila +254 mbele, ukipiga kutoka hapa unaweza kumpata Mtanzania mwingine kabisa asiyejua hata pikipiki. Tuna mama mmoja, sijui yuko mkoa gani, tuliyemsumbua kwa habari za bearingi mara tatu. Mara ya tatu yeye ndiye aliyetuuliza mgonjwa anaendeleaje.

Haya, swali la mjomba. Simu kwa meza unapigaje? Jambo lenyewe si geni. Windows 95 ilikuja na programu ndogo ya kupigia kupitia modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu, ina vitufe vinane vya namba za haraka. Siku hizi kuna programu ya Phone Link ya Microsoft kwenye Windows 10 na 11. Kompyuta yenye Bluetooth inashikana na simu janja iliyoko mezani, unatafuta "Pongwe" kwa kibodi, unabofya, unazungumza kwa hedifoni, mikono iko huru kuandika oda. Simu yenyewe inapita kwenye laini yako ya kawaida na dakika zako za kawaida.

Hilo la laini yako ndilo lililonifanya nikatae njia nyingine niliyojaribu, huduma ya kupiga kwa intaneti. Sauti ilikuwa safi, ila upande wa pili ilitokea namba ngeni ndefu. Mafundi hawakupokea. Na siwalaumu. Nchi hii kila mtu ameshapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na namba ngeni inayoulizia mambo ya pesa tunajua inaelekea wapi. Aliyepokea mmoja alinitukana kwanza, akaomba radhi baada ya kuitambua sauti. Bei ya dakika inaweza kuwa ndogo kiasi gani sijali. Simu isiyopokelewa ni hasara.

Mapungufu yapo. Umeme ukikatika, meza ya mjomba inarudi kuwa meza. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi nachapa orodha, namba na majina tu, naiweka droo moja na kitabu cha madeni. Maelezo sichapi. Mambo ya madeni na magonjwa ya watu si ya kuachwa kaunta, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 si suala la adabu peke yake. Kompyuta ina nywila. Alikuja jamaa wakati wa kampeni anaomba "namba za vijana wa bodaboda, nyingi nyingi". Mjomba akamkaribisha kahawa, akamwuliza habari za nyumbani kwa dakika ishirini, jamaa akaondoka bila namba hata moja na bila kujua kwamba amekataliwa.

Tulibaki na namba kumi na nne kwenye kitabu cha madeni, hazina majina, ni kiasi tu na tarehe. Jumapili moja baada ya adhuhuri nikamvalisha mjomba hedifoni, tukazipiga moja moja, yeye anaongea mimi naandika. Tano hazipatikani. Mbili zilishakuwa za watu wengine. Ya nane ikapokelewa, na safari hii swali likatoka upande wa pili: "Naam, nani mwenzangu?"

"Mimi wa spea, Ngamiani."

Kimya. Kisha kicheko kirefu mpaka mjomba akasogeza hedifoni mbali na sikio. "Mzee! Mimi nilijua umefunga duka. Mbona hukunitafuta?"

Mjomba akanitazama, akafunika kinasa sauti kwa kiganja, akaninong'oneza: "Andika. Huyu ni Fundi Maramba wa zamani. Deni lake tumempunguzia nusu."

Nikamwuliza nusu ya ngapi. Akaniashiria ninyamaze, maana walikuwa bado hawajamaliza habari za watoto.