Hiyo sukari mnataka kunyoa kwa seli ni breki pia

Kwa grupu yetu ya wasapu ya estate imekuwa ikizunguka voisi noti ya jamaa anasema kansa hujificha nyuma ya sukari, ati wanasayansi wa Marekani washapata dawa ya kunyoa hiyo sukari na seli za kinga zikaiona kansa mara moja, sasa mbona sisi hatuletewi. Mimi nafanya kazi kwa maabara ya damu hapa Nairobi na watu wameniuliza hii kitu hadi nikiwa kwa foleni ya matatu, so wacha niandike mahali pamoja, juu jibu si ndio na pia si hapana.

Kwanza, hii si sukari ya chai. Mama mmoja kwa grupu amesema ameacha kumwekea mtoto sukari kwa uji juu ya hiyo voisi noti, na tafadhali, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Hizi sukari seli inazitengeneza yenyewe ndani yake halafu inazivaa nje kama manyoya. Mimi huzitegemea kila siku kazini: tofauti ya damu ya group A na group B ni sukari moja tu ya mwisho kwa mnyororo, na O ni mnyororo ambao hiyo ya mwisho haipo. Karl Landsteiner alipotoa hayo makundi mwaka 1901 bado hakuna mtu alijua ni sukari inafanya hiyo kazi. Mgonjwa akipewa damu yenye hiyo sukari moja si yake anaweza kufa, kwa hivyo mwenye anadhani ni mapambo, aje akae na mimi asubuhi moja tu.

Ile inayosemwa kwa voisi noti inaitwa asidi ya sialiki, na hukaa kwa ncha kabisa. Seli zetu nyingi za kinga zina vipokezi vya kuishika, vinaitwa sigleki, binadamu ana zaidi ya aina 10, na nyingi zikiishika zinaiambia seli itulie, huyu ni wetu. Ni kama stika ya estate kwa kioo cha gari, soja akiiona anafungua gate bila maswali.

Sasa watu wa kunyoa wana hoja ya maana na sitaki ionekane nawadharau. Seli nyingi za kansa hujipaka asidi ya sialiki kupita kiasi, ni mwizi amejaza kioo chake stika. Hata bakteria wa kisonono huchukua sukari hiyo hiyo kwetu na kujifunika nayo. Carolyn Bertozzi, mmoja wa wale watatu walioshinda Nobel ya kemia mwaka 2022, na wenzake walichukua enzaimu, yaani protini inayofanya kazi kama makasi, inayokata hiyo asidi wakaifunga kwa trastuzumab, dawa inayojulikana ya kansa ya matiti, ndio ikate pale kansa iko na si kila mahali, na kwa panya uvimbe ulikua polepole zaidi. Hiyo ni kazi nzuri sana. Mtu ambaye ana mgonjwa nyumbani akisikia hivyo lazima moyo uruke, na ana haki.

Lakini wenye wanasema tuende pole wanachukuliwa kama waoga ama watu wa kuzuia dawa, na hapo ndipo naona haki haijatendeka. Breki ikitajwa watu wanaona tu kitu cha kuchelewesha gari. Hawajauliza iliwekwa ya nini.

Chukua seli B, zile seli za kinga za kutengeneza kingamwili, yaani protini za kushika adui. Zina sigleki moja inaitwa CD22 ambayo inazituliza. Panya wakiondolewa CD22 pamoja na mwenzake mwingine wa ukoo huo huo, wakizeeka wanapata ugonjwa unaofanana na lupasi, yaani kinga inageuka na kula mwili wenyewe. Hakuna kansa hapo wala bakteria, ni breki tu imetolewa.

Halafu kuna ile ya London mwaka 2006 ambayo mimi sijawahi kuiacha kichwani. Vijana 6 wenye afya, wamejitolea, walidungwa dawa mpya ya kuamsha seli T, aina nyingine ya seli za kinga, dawa yenyewe inaitwa TGN1412. Dozi yao ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile tumbili wa maabara walipewa na hawakudhurika. Mara 500! Ukiniuliza mimi kabla ya siku hiyo ningesema hapo mmejikinga vya kutosha, ningesaini hata. Kwa saa moja na nusu hivi wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine, kichwa, homa, presha ikishuka, wote 6 wakaishia ICU, na mmoja akapoteza vidole vya miguu na ncha za vidole vya mkono. Walipona wote kwa maana ya kubaki hai. Dawa yenyewe haikugusa sukari, hiyo niiseme wazi, lakini mwaka huo huo watafiti wa San Diego walitoa kazi inayoonyesha kwamba seli T za sokwe mtu zina sigleki nyingi huku zetu zikiwa karibu uchi, hazina. Wakirudishia seli za binadamu sigleki, zinatulia, wakitoa za sokwe, zinawaka. Yaani sisi binadamu tayari tunatembea na breki pungufu kwa hizo seli, na bado tunataka kupunguza zingine.

Kuna wenye wanapinga kuunganisha hayo mawili, na wana haki, juu baadaye ilionekana kwamba kwa tumbili wale, kundi moja la seli T halina hata kile kipokezi dawa ilikuwa inalenga, na hilo ndilo elezo lenye nguvu zaidi. Sawa. Lakini ukilifuata hilo elezo unafika pale pale, kwamba mnyama anaweza kukuambia uko salama na binadamu akakukatalia, na hii kazi ya kunyoa sukari ninayoisifu hapo juu ni ya panya.

Na kunyoa kwenyewe tushakuona, si kwa maabara, kwa mtoto. Bakteria wa nimonia, yule nyumokokasi, ana enzaimu yake ya kukata asidi ya sialiki. Mara chache inamwagika kwa damu ya mtoto ikanyoa seli nyekundu, na chini yake kuna sukari nyingine ambayo karibu kila mtu mzima tayari ana kingamwili dhidi yake. Ukichanganya damu ya huyo mtoto na plazma, yaani yale maji ya damu, ya watu wazima, inagandana karibu na kila mmoja, unaweza kufikiri umekosea kupima, unarudia. Figo za mtoto kama huyo zinaweza kusimama kabisa.

Kwa hivyo mtu wa voisi noti, swali langu si mbona dawa haiji. Hiyo enzaimu ikitoka kwa kansa inaenda wapi? Juu seli nyeupe ikinyolewa ina kiwanda ndani, itajiotesha sukari mpya. Seli nyekundu haina nyukliasi, yaani kiini, wala kiwanda cha hiyo kazi, inaishi kama siku 120, na ikishanyolewa inabaki hivyo mpaka wengu au ini liitoe.