Majuto ya wiki ya pili hayakuwemo kwenye fomu niliyosaini

Usiku wa kumi na moja baada ya upasuaji wa kupunguza uzito nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni nikalia. Maumivu sikuwa nayo. Vidonda vitano vidogo tumboni vilikuwa vimeanza kukauka, homa sikuwa nayo, na moyo ulikuwa unapiga vizuri. Nililia kwa sababu mume wangu alikuwa anakaanga vitunguu, na mimi mkononi nimeshika kile kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia dawa, ndani yake mililita 30 za supu iliyochujwa ambazo nilitakiwa nizinywe taratibu kwa robo saa. Nikasema kwa sauti, bila kumlenga mtu: nimejifanyia nini?

Mume wangu alizima jiko. Hakujua la kusema, na simlaumu, maana hata mimi nisingejua la kujibiwa.

Kabla ya kuingia chumba cha upasuaji nilisaini fomu ya ridhaa. Niliisoma mstari kwa mstari. Iliandikwa kwamba naweza kutokwa damu, kwamba mahali palipokatwa na kubanwa kwa pini panaweza kuvuja, kwamba damu inaweza kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni, kwamba naweza kufa. Yote hayo niliyakubali nikiwa na akili zangu. Kitu ambacho hakikuandikwa popote, na hakuna aliyenitamkia, ni kwamba karibu na wiki ya pili naweza kujuta kwa nguvu kiasi cha kutamani nirudishiwe tumbo langu. Nimeishi na tumbo hili jipya zaidi ya mwaka sasa, nimezungumza na wengi waliopitia njia hii, na msimamo wangu ni huu: majuto yaandikwe kwenye ile fomu, mstari mmoja na kutokwa damu.

Nieleze kwanza nilifanyiwa nini. Kuna upasuaji wa aina kadhaa wa kupunguza uzito. Mmoja hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikapita njia ya pembeni. Wangu ulikuwa ule unaokata na kuondoa kabisa kati ya robo tatu na asilimia 80 ya tumbo, kinabaki kijimrija chembamba chenye umbo la ndizi. Kilichoondolewa hakirudi. Neno hilo, hakirudi, nililisikia mara nyingi kabla na halikunitisha. Lilikuja kunitisha pale sakafuni.

Siku za mwanzo zenyewe zilikuwa afadhali kuliko nilivyodhani. Nilizinduka kutoka kwenye nusu kaputi nikidhani nitalia kwa tumbo, kumbe kinachouma ni bega la kushoto. Daktari alinieleza: ili waone vizuri ndani, hulijaza tumbo hewa ya kaboni dioksidi, na mabaki ya hewa hiyo husumbua kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo. Mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho unatoka shingoni, jirani na mishipa ya bega, basi ubongo unasikia bega. Dawa yake kubwa ni kutembea. Jioni ile ile muuguzi alikuja, akanivalisha viatu, akanishika mkono: "Haya mama, tuinuke." Nilitembea na dripu yangu mpaka mwisho wa korido na kurudi. Kutembea huko ndiko pia kunakosaidia damu isigande miguuni, pamoja na soksi za kubana na sindano za tumboni ambazo niliendelea kujichoma nyumbani.

Kisha ikaja kazi ya maji. Mtu mwenye afya anapiga glasi nzima kwa pumzi moja bila kufikiri. Mimi mdomo wangu ulikuwa unaomba maji na tumbo halina pa kuyaweka, limevimba kutokana na mkato. Niliambiwa nifikishe lita moja na nusu kwa siku. Kwa kikombe cha mililita 30 hiyo ni vikombe 50. Kikombe kimoja kila robo saa, ni saa kumi na mbili na nusu za kunywa. Siku nzima inakuwa ni ya kumeza. Unaamka umeshachelewa.

Anayesema upasuaji huu ni njia ya mkato ya wavivu, namwomba akae na kikombe hicho kwa siku moja tu. Na aelewe kwamba unene uliopitiliza ni ugonjwa, na tiba hii imefuatiliwa kwa miaka mingi: Sweden walianza utafiti wao mkubwa mwaka 1987, wakawafuata maelfu ya watu, na waliopasuliwa walikufa wachache zaidi kuliko wenzao waliotibiwa kwa njia za kawaida. Sitaki kupoteza maneno zaidi kwa hoja hiyo.

Narudi kwenye kilio cha jikoni, maana hapo ndipo penye jambo.

Kiswahili chetu kinatenga njaa na hamu. Nimezaliwa nayo maneno hayo mawili na sikuwahi kuona tofauti yake mpaka nilipokatwa. Sehemu ya juu ya tumbo iliyoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni iitwayo ghrelini, ile inayoupigia ubongo kengele ya njaa. Kwangu kengele ilinyamaza. Wiki zile mbili sikusikia njaa hata mara moja, tumbo lilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Lakini hamu ilibaki nzima. Ilibaki kwenye ulimi, kwenye pua, kwenye saa ya jioni ambayo miaka yote nilikuwa nikirudi kutoka kazini nimechoka, ninakaa, ninakula, ninatulia. Chakula kilikuwa rafiki yangu wa saa hiyo. Nilikula nilipofurahi, nilikula nilipofiwa, nilikula baada ya ugomvi. Kumbe siku moja asubuhi nilikuwa nimemzika rafiki huyo bila hata kuaga, na nilikuwa msibani peke yangu.

Ule ulikuwa msiba kweli. Mtu akifiwa huachwa alie. Mimi nilikuwa napokea simu za pongezi. "Hongera, umepungua kilo ngapi?" Ungejibuje pongezi kwa kusema unajuta? Nikanyamaza. Na kunyamaza kukanifanya nione aibu, na aibu ikanifanya nivikwepe vikombe. Siku ya kumi na mbili nilikunywa kumi. Siku ya kumi na tatu sikuhesabu. Siku ya kumi na nne niliinuka kitandani nikaona chumba kinazunguka, na mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Dada yangu ndiye aliyechukua simu akampigia muuguzi wa kliniki, kisha akaniwekea sikioni.

Nilianza kumweleza kizunguzungu. Akanisikiliza, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa: "Uko wiki ya pili, siyo?"

Nikasema ndiyo.

"Na unajuta."

Sikuweza kujibu, nililia.

"Wengi hunipigia wiki ya pili," akasema. "Wanaopiga wiki ya pili wakitamani kurudi nyuma, wengi wao wanapiga tena mwezi wa tatu kusema ahsante. Sasa njoo tukuwekee dripu, halafu tuanze upya na vikombe."

Dripu ilinitoa kizunguzungu kwa saa chache. Lakini kilichonitoa shimoni ni lile neno wengi. Kama ningelisikia kabla ya kupasuliwa, nisingepoteza siku tatu nikidhani ni mimi tu niliyeharibikiwa akili. Mwili wakati huo unaishi kwa kalori chache mno, usingizi ni wa kukatikakatika, kitulizo ulichokizoea maisha yote kimeondoka ghafla. Ingekuwa ajabu moyo usitikisike.

Kuna watakaosema ukiwaambia wagonjwa haya wataogopa. Mimi niliambiwa naweza kufa na nikasaini. Mtu mzima anayeweza kubeba habari ya kifo anaweza kubeba habari ya huzuni. Na sisemi haya kwa ajili ya machozi ya jikoni tu. Tafiti zilizofanyika Kanada na Sweden zimeonyesha kwamba baadhi ya watu, baada ya upasuaji wa namna hii, wanakuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujidhuru kuliko walivyokuwa kabla. Kwa wengi huzuni hupita kama ilivyonipita. Kwa wachache haipiti, inazama chini, na hao ndio wanaohitaji kuambiwa mapema kwamba kuna mlango wa kugonga. Ukiona wiki zinakwenda na giza halipungui, mwambie daktari wako kwa maneno hayo hayo unayojisemea usiku.

Na usichanganye majuto na hatari. Moyo ukienda mbio ukiwa umekaa tu, homa ikipanda, maumivu ya tumbo yakizidi badala ya kupungua, pumzi ikibana, hapo hakuna kusubiri asubuhi, nenda hospitali, huenda tumbo linavuja au damu imeganda. Vivyo hivyo ukitapika siku baada ya siku: vitamini B1 huisha mwilini haraka, na ikiisha huumiza ubongo na mishipa ya fahamu. Hili nalirudia kwa kila anayeniuliza.

Baada ya hapo njia ilikuwa na vilima vyake. Wiki ya tatu mzani uligoma kabisa, siku tisa haukusogea hata gramu, nami nikaambiwa ni kawaida, mwili unajipanga. Mwezi wa nne nywele zilitoka kwenye kitana kwa mafungu; zikarudi zenyewe, ingawa ilichukua miezi. Vidonge vya vitamini, madini ya chuma, kalsiamu na B12 vimekuwa vya kila siku, na nitavimeza maisha yangu yote.

Ila yai ninalikumbuka. Wiki ya tano niliruhusiwa vyakula laini, nikapika yai moja, likaiva laini, nikalikatakata kwa uma mpaka likawa kama mchanga. Kijiko cha kwanza nilikitafuna mpaka kikawa maji. Cha pili, cha tatu. Kwa wiki kadhaa nilikuwa sijaonja kitu chenye umbo, na utamu wake ulinifanya nifumbe macho. Kwenye kijiko cha nne pua ilianza kuchuruzika. Sikujua bado kwamba kwangu hiyo ndiyo ishara mpya ya kushiba. Nikameza cha tano. Kikakwama nyuma ya mfupa wa kifua kama ngumi iliyofungwa, mate yakajaa mdomoni, mazito, yenye povu, nikakimbilia sinki na kusimama pale karibu nusu saa nimejishika ukingo. Kijiko kimoja tu. Tofauti kati ya raha na mateso sasa ilikuwa na ukubwa wa kijiko kimoja, na ilibidi nijifunze kusikiliza pua yangu, mtu mzima wa miaka arobaini, kama mtoto anayefundishwa kula.

Siwezi kutaja siku ambayo majuto yaliondoka. Ninachojua ni kwamba mwezi wa tatu nilikuwa napanga kabati la dawa nikakuta boksi la vidonge vya kisukari, halijafunguliwa. Daktari alikuwa amenipunguzia dozi kabla hata sijatoka wodini, na wiki chache baadaye akanisimamishia kabisa. Nilikuwa nimeambiwa. Nilikuwa nimeitikia. Wakati ule macho yangu yote yalikuwa kwenye vitunguu vya jikoni, sikuona kitu kingine. Nilikaa na lile boksi mapajani muda mrefu.

Wiki iliyopita usiku alinipigia mdogo wa rafiki yangu, amepasuliwa mwezi huu. Alianza kwa kuomba radhi kwa kunisumbua. Kisha akakaa kimya, nikasikia anavuta pumzi.

"Uko wiki ya ngapi, mdogo wangu?" nikamuuliza.

"Ya pili, dada."

Nikamuuliza leo amekunywa vikombe vingapi. Akasema vinne. Nikamwambia ajaze cha tano, anywe taratibu, mimi nabaki kwenye simu mpaka kiishe.