Msiibomoe Top Thrill 2

Mdogo wangu anayeishi Maryland amenitumia video ya rola kosta ya Kingda Ka, ile treni ya michezo inayorushwa juu ya mnara, ikiangushwa, ile ya tarehe 28 Februari 2025. Baruti zinalia, mnara wa mita 139 unapinda, na baada ya sekunde chache pale New Jersey panabaki vumbi na vyuma. Chini ya video ameandika: "Kaka, bado hiyo ya kwenu Ohio."

Sijatulia tangu niisome. Si yeye peke yake anayesema hivyo. Siku hizi ukikaa na watu wanaopenda rola kosta, hasa hizi za kurushwa, utasikia mtu anatamka kwamba Top Thrill 2, hiyo rola kosta ya Ohio, nayo ing'olewe tu, imeshawachosha watu. Wanatamka kirahisi, na urahisi huo ndio unaoniudhi.

Najua hasira yao inatoka wapi. Top Thrill 2 ilifunguliwa tarehe 4 Mei 2024 kwenye bustani ya michezo ya Cedar Point, mjini Sandusky. Haikumaliza wiki mbili, ikafungwa, na ikalala msimu mzima uliobaki. Kuna watu walisafiri kutoka majimbo ya mbali kwa ajili ya kitu hicho kimoja. Wengine walinunua pasi ya msimu wakiifikiria hiyo tu. Hao wana haki ya kulalamika na siwapingi. Ila kutoka kwenye kulalamika mpaka kwenye kuomba baruti ni mbali sana, na katikati hapo kuna mambo ambayo watu hawataki kuyaangalia.

Mnara ule ni wa mwaka 2003, ulipoitwa Top Thrill Dragster. Una urefu wa mita 128 na umesimama kando ya Ziwa Erie, unauona kutoka mbali kabla hujafika getini. Kilichokuwa kinairusha treni enzi hizo ni mafuta na waya. Pampu zinasukuma mafuta mpaka yanaibana gesi ya naitrojeni kwenye matangi. Gesi ikiachiwa, mota za haidroliki zinazungusha pipa kubwa, pipa linavuta waya wa chuma, na waya unavuta kigari kilichojishika chini ya treni. Kutoka kusimama mpaka kilomita 193 kwa saa ilikuwa chini ya sekunde nne. Nguvu yote hiyo ilitolewa kwa mkupuo mmoja, kisha treni inayofuata inasogea na kila kitu kinaanza upya, siku nzima, kiangazi kizima.

Waya unaofanyishwa kazi hiyo unachoka. Mwaka 2004 ulianza kufumuka nyuzi wakati wa kurusha, na vipande vya chuma vikawajeruhi watu wanne waliokuwa kwenye treni. Kingda Ka, iliyotumia mfumo huohuo, ilifunguliwa Mei 2005 na Juni ikafungwa kwa hitilafu iliyouharibu waya, ilirudi Agosti. Kwa hiyo anayesema zamani mashine hizi zilikuwa haziharibiki amesahau mengi.

Halafu ikaja tarehe 15 Agosti 2021. Kipande cha chuma kilichomoka kwenye treni ya Dragster na kumpiga kichwani mwanamke aliyekuwa amesimama kwenye foleni. Hakuwa hata amepanda. Aliumia vibaya sana. Ohio usalama wa mashine hizi uko chini ya Wizara ya Kilimo, na uchunguzi wake haukukuta ushahidi kwamba bustani ilivunja sheria, lakini Dragster haikubeba abiria tena. Kila ninaposikia mtu anahesabu siku ambazo Top Thrill 2 imelala, namkumbuka mama huyo. Mashine yenye historia hii ikisimamishwa kwa sababu kuna kitu kwenye treni hakijakaa sawa, mimi nawashukuru waliothubutu kuisimamisha, hata kama ilikuwa ndiyo kwanza imezinduliwa na dunia nzima inaangalia.

Na ni kwenye treni hasa ndiko tatizo lilikotajwa. Hili ndilo ninalotaka mnisikilize. Mwaka 2023 Cedar Point walitangaza kwamba kampuni ya Zamperla ya Italia itaifumua Dragster na kuiunda upya. Mafuta, waya na pipa viliondolewa. Sasa treni inasukumwa na sumaku zilizopangwa kwenye njia, na inasukumwa mara tatu. Mara ya kwanza inakwenda mbele kwa kilomita 119 kwa saa, inapanda sehemu tu ya mnara, inaishiwa nguvu na kurudi. Mara ya pili inasukumwa kinyumenyume kwa kilomita 163 mpaka juu kwenye mnara mpya uliojengwa nyuma, nao wa mita 128. Ikishuka kutoka huko inapata msukumo wa mwisho, kilomita 193, na ndipo inavuka kilele. Ukiwa chini unaona kabisa pale kwenye mnara wa nyuma mwendo unavyokwisha: treni nzima imesimama wima, abiria wote wanaitazama ardhi, na kwa nukta moja haiendi juu wala hairudi. Sijaona kitu kingine cha namna hiyo.

Mnara wa zamani haukuwa tatizo. Zilipofungwa shughuli mwezi Mei 2024, maelezo yaliyotolewa ni kwamba Zamperla walihitaji kufanya marekebisho ya kimitambo kwenye magari yenyewe, yaani treni. Magari yanatolewa kwenye reli, yanapelekwa karakana, yanabadilishwa vyuma, yanarudishwa. Na ndivyo ilivyokuwa, kwa sababu 2025 mashine ilirudi kubeba watu. Ni kweli bado ilikuwa na siku zake za kufungwa, na hilo linachosha. Lakini ni hitilafu za kitu kipya kinachozoeana na mwili wa zamani, kama injini ya gari jingine iliyofungwa kwenye bodi ya miaka ishirini. Fundi mwenye akili haichomi bodi.

Sumaku zenyewe si bahati nasibu. Red Force, rola kosta ya kule Hispania, inarusha treni kwa sumaku mpaka kilomita 180 kwa saa na kupanda mita 112, na ilifunguliwa 2017. Kwa hiyo swali ni kama watu wa Sandusky watapewa muda na pesa za kumaliza kazi waliyoianza.

Hapo ndipo ninapoogopa. Tangu Julai 2024 Cedar Fair, waliokuwa wenye Cedar Point, na Six Flags, wenye Kingda Ka, ni kampuni moja. Waliokata shauri kuhusu Kingda Ka ndio hao hao wenye Top Thrill 2. Na Kingda Ka walivyoiondoa kuliniuma kuliko baruti zenyewe: ilibeba watu mara ya mwisho tarehe 10 Novemba 2024, na tangazo rasmi likatoka siku chache baadaye. Watu waliopanda siku hiyo hawakuambiwa kwamba wanaiaga. Miaka kumi na tisa, na hakuna kwaheri.

Gharama ni kubwa, sawa, nakubali. Wapo pia wanaosema Millennium Force, rola kosta nyingine iliyo palepale Cedar Point, inatosha, na ni kweli ni nzuri, mita 94 tangu mwaka 2000. Ila inavutwa kupanda. Hairushi mtu.

Kampuni ifanye mambo mawili. Cedar Point hufungwa kipindi cha baridi, miezi ambayo ziwa linaganda na hakuna mgeni getini. Miezi hiyo itumike kuzifumua treni zote mpaka nati ya mwisho, na bajeti ya kazi hiyo isiguswe. Na kila asubuhi ya msimu, kabla mtu hajalipia tiketi wala maegesho, atangaziwe waziwazi: leo inatembea, leo haitembei, au mafundi bado wanaiangalia. Mwenye watoto watatu na safari ya saa sita barabarani ataamua mwenyewe kama aje leo au asubiri wiki ijayo.