Kabla ya Winchi, Nionyeshe Geji Yako

Msimu wa wageni ukikaribia Malindi, maswali huwa yale yale. Mtu kanunua Prado au Hilux ya mkono wa pili, anataka kuipeleka Mambrui kwenye vilima vya mchanga, au avuke Sabaki apande Marafa, au ashike njia ya Garsen na Witu mpaka Mokowe. Sasa anauliza vifaa vya kujikwamulia anunue vya bei gani. Vile vya Australia na Marekani vinavyouzwa bei ya ng'ombe, au vile visivyo na jina, vinavyokuja kwenye mfuko mmoja, mkanda na shakeli (chuma cha kuunga mkanda na gari) na glavu, kwa bei ya mbuzi?

Jibu langu huwaudhi wote. Mwenye pesa namwambia winchi, ile mashine ya mbele ya gari ya kujivutia kwa kamba, aiache dukani. Asiye na pesa namwambia ile shakeli ya kwenye mfuko airudishe. Mimi bei siiangalii kwanza. Naangalia kifaa kikikatika kitakwenda wapi. Kinacholala chini ya tairi kikivunjika, umepoteza kifaa, basi. Kinachovutwa kati ya magari mawili kikikatika kinaruka, na mbele yake mara nyingi kuna watoto waliokuja kutazama gari la watu limezama. Pesa ziende hapo.

Lakini hata kabla ya kamba, kuna upepo wa tairi.

Mchanga wetu wa juu ya mstari wa maji, ule mkavu mweupe, haubebi tairi lililojaa. Presha ya lami ni 32 au 35 kwa kipimo cha psi. Ukiingia nayo mchangani tairi linakata chini, dereva anakanyaga mafuta, na kila akikanyaga anachimba. Ishushe hadi 16 au 18, tairi linalala, alama yake chini inakuwa ndefu, uzito unagawanyika. Gari lile lile, dereva yule yule, linapita. Nilimwona bwana mmoja upande wa Mambrui amezama mpaka chesisi imekaa chini. Gari lilikuwa limepambwa kila kitu: bomba la kupumulia juu ya paa, taa kama za uwanja wa mpira, winchi mpya inang'aa mbele. Kamba ya winchi ameivuta yote, ameishika mkononi, anatafuta pa kuifunga. Kamba nyingi za winchi ni mita 25 mpaka 30, na mti wa mvinje wa karibu ulikuwa mbali kuliko hapo. Upande wa pili ni bahari.

Kijana mmoja aliyekuwa anatoka kwenye mashua akamsogelea. "Mzee, upepo umetoa?"

"Upepo wa nini?"

Yule kijana hakujibu. Alichutama, akafungua kifuniko cha valvu, akachukua kijiti akabonyeza. Wenzake wakachukua matairi mengine, na wengine wakafukua mchanga chini ya chesisi kwa mikono na kipande cha ndoo. Gari lilitoka kinyumenyume polepole kwenye nyayo zake lenyewe. Winchi ikarudishwa ndani bila kuvuta hata kilo moja.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza inunue geji nzuri ya upepo na pampu. Geji ni kitu kidogo, lakini ile mbovu itakwambia 16 nawe uko 24. Kwenye pampu sikupeleki kwa ghali, nakukataza ya chini kabisa tu, ile ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti. Kwa tairi la Prado itahangaika dakika kumi au zaidi, itachemka, pengine itaunguza fyuzi kabla hujafika tairi la tatu. Kisha utaamua kurudi Malindi lami yote na matairi laini, na hivyo ndivyo tairi linavyopasuka. Chukua ya kati, yenye vishikio vya kubana kwenye betri moja kwa moja. Ya ARB, kampuni ya Australia, yenye mota mbili ni nzuri sana, siibishii, ila kwa mtu anayekwenda mchangani mara chache kwa mwaka ni pesa iliyolala.

Na mnaopenda kuendesha ufuoni, angalieni maji kabla ya kuangalia vifaa. Siku za bamvua, zile za maji makubwa, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Gari likikwama maji yakiwa yamekupwa, una saa chache, na hakuna mkanda wa bei yoyote unaoshindana na hilo. Sisemi habari ya kasa wanaotaga juu ya mstari huo huo mnaoupenda. Hiyo ni makala nyingine, na nitawakasirisha zaidi.

Sasa mkanda. Watu wengi hapa huvuta kwa chochote kilichopo: mnyororo wa lori, waya, kamba ya katani iliyokunjwa mara tatu. Ukivuta taratibu, umekaza kwanza kisha ukavuta, vinafanya kazi. Balaa huanza pale dereva wa mbele anaporudi nyuma kidogo ili "apate nguvu", halafu akaruka. Mnyororo haunyumbuki, na mshtuko wote unaingia kwenye chuma. Mkanda wa kukwamulia umetengenezwa kwa nailoni makusudi, unavutika karibu asilimia 20. Wa mita 9 unakaribia mita 11 kabla ya gari la nyuma kuanza kusogea, na nguvu inaingia polepole. Mkanda wa poliesta unafanana nao kabisa kwa macho lakini hauvutiki hivyo; huo ni wa kukokotea gari bovu barabarani. Kwenye mifuko ya bei ya mbuzi mara nyingi hutajua umepewa upi.

Hapa toa pesa. Angalia lebo iliyoshonwa, siyo maneno ya kwenye mfuko: iseme nailoni, iseme inavutika kiasi gani, iseme inakatika kwa tani ngapi, na iwe na jina la aliyeitengeneza. Australia sheria imewalazimisha watengenezaji tangu 2010 kuweka kwenye mikanda hii nguvu zake na maonyo ya matumizi, kwa sababu watu walikuwa wanaumia na kufa. Sisi lebo ndiyo polisi wetu. Mkanda mwembamba ulioandikwa tani 20 kwa rangi, bila jina la mtu, uwache.

Lakini usidhani mkubwa zaidi ndio bora. Kipimo ni mara mbili mpaka tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya yale mawili, pamoja na mzigo wake. Prado iliyojaa watu na masanduku inakaribia tani 3, mkanda wa tani 8 unaitosha. Land Cruiser ya mzigo, mkanda wa tani 11. Mwenye Suzuki Jimny akinunua wa tani 15 kwa kujionyesha, hautanyumbuka kwa kagari kepesi vile, na amelipa zaidi apate kitu kibaya zaidi.

Shakeli ndiyo inayonifanya nigombane na watu. Ni kile chuma kilichopindwa chenye pini ya kuzungusha, kinachounga mkanda na gari. Zishike mbili mkononi ndipo utaelewa. Ile ya mfuko imepakwa rangi nyekundu nzuri, na maandishi yake ni ya rangi pia, ukikwaruza kwa kucha yanatoka. Pini yake ni nene sawa na mwili, au hata nyembamba. Ile ya kweli haina urembo. Maandishi yametoka na chuma chenyewe wakati wa kufuliwa, unayahisi kwa kidole: jina la kiwanda, kipimo, na mzigo salama wa kazi. Ya tani 4.75 ina mwili wa milimita 19 na pini ya milimita 22. Pini lazima iwe nene kuliko mwili, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo katikati. Na hizo tani 4.75 ni za kazi ya kila siku. Ya kiwanda cha heshima hukatika kwa mara tano au sita ya hapo.

Tena hii ya kweli huhitaji kuitafuta kwenye duka la vifaa vya fowili, magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, ambako wanakutoza jina. Nenda Mombasa kwenye maduka ya vifaa vya meli na vya kunyanyulia mizigo. Bandarini Kilindini wananyanyua vitu ambavyo gari lako ni mtoto kwavyo, na hawacheki na shakeli. Uliza Crosby, zile za pini nyekundu, au Green Pin ya Uholanzi yenye pini ya kijani kama jina lake. Mara nyingi zitakutoka bei ya chini kuliko ile iliyopakwa rangi na kuandikwa jina la kampuni ya safari. Haya yote ya "rahisi" na "ghali" yanaporomoka hapo: bei kubwa haikununulii chuma kizuri, inaweza kukununulia sanduku zuri.

Kuna na hizi shakeli laini za kamba ya Dyneema, nyuzi za plastiki zenye nguvu sana. Nyepesi, na zikikatika haziruki kama risasi ya chuma. Nazipenda. Adui yake ni mchanga, unaingia kati ya nyuzi na kukata ndani kwa ndani, nasi mchanga ndio tulio nao. Ukinunua, ikae kwenye mfuko wake na isiburutwe chini.

Halafu swali ambalo hakuna anayeuliza: mkanda unaufunga wapi? Magari yetu mengi yamekuja kwa meli kutoka Japani. Vile vitanzi vyembamba unavyoviona chini ya bampa vingi ni vya kulifungia gari lisitembee melini. Havikuwekwa kwa ajili ya kung'oa tani 3 kwenye matope. Na kile kichwa cha mviringo cha kufungia trela, tafadhali, kamwe. Kikivunjika kinageuka risasi ya mzinga, na kimeshaua watu. Fundi mzuri atakufungia kulabu ya kweli kwenye chesisi kwa boliti za chuma kigumu. Afunge kwa boliti, asichomelee tu akaondoka. Ukiniuliza shilingi elfu kumi za mwisho uziweke wapi, ziweke hapo, hata kama mkanda wako si wa jina kubwa.

Kwenye vibao vya kuweka chini ya tairi nabadilika, nakuwa bahili. MaxTrax za Australia ni nailoni iliyoimarishwa, jozi huko Marekani ni kama dola 300, na zinastahili sifa zake. Ila meno ya kibao chochote yanayeyuka tairi likizunguka juu yake bila kushika, ya ghali na ya rahisi, kwa sababu ni plastiki. Dereva mwenye papara atayamaliza yote mawili. Mwenye mguu mwepesi ataishi na vya rahisi miaka. Na huku kwetu watu walikuwa wanatoka mchangani kwa makuti mabichi na makumbi ya nazi kabla ya plastiki kuja, na bado wanatoka.

Jeki ndefu ya Hi-Lift, inayotengenezwa Marekani tangu 1905, inapendeza ikiwa imefungwa nje ya gari. Magari ya sasa yenye bampa za plastiki hayana pa kuishika, na mpini wake ukikuponyoka unavunja taya. Jeki ya chupa na kipande cha ubao mpana chini yake, isizame. Imetosha.

Winchi nimeisema vibaya, sasa niitendee haki. Ukishuka Garsen wakati wa masika, nje ya lami, ule udongo mweusi wa Tana ukilowa unajaza meno ya tairi mpaka tairi linakuwa laini kama chupa. Kutoa upepo hakusaidii sana, vibao vinamezwa, na gari la kukuvuta likikaribia linazama nalo. Hapo, kama uko peke yako na kuna mti, winchi ni rafiki. Chukua yenye nguvu mara moja na nusu ya uzito wa gari lililojaa, na ununue ya kampuni yenye vipuri. Winchi ya bei ya chini iliyokaa miaka miwili na hewa ya chumvi ya Malindi bila kuguswa, siku unayoihitaji itakupa sauti ya "tik" peke yake. Pasipo na mti, unaweza kuzika tairi la akiba kwenye shimo refu na kulifanya nanga. Ni kazi ya jasho lakini inashika. Asiyekwenda Tana masika hana haja nayo. Hata anayekwenda, wenyeji watamwambia dawa ya udongo ule ni siku mbili za jua.

Mkanda wowote utakaonunua, ukirudi uoshe kwa maji ya kisima au ya bomba, uanike kivulini. Nailoni ikilowa hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, au zaidi, mpaka ikauke. Jua nalo linaila, na kuiacha juu ya dashibodi hapa kwetu ni kuichoma. Wakati wa kuvuta, tupa koti zito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya mkanda, na watazamaji wakae mbali, pembeni, zaidi ya urefu wa mkanda wenyewe. Watanuna. Wanune.

Na ninyi wa Probox mnaonicheka kwa sababu gari lenu linafika Marafa bila haya yote: nawaheshimu. Geji, pampu, sepeto, ubao, na namba ya simu ya mwenye trekta wa karibu na unakokwenda. Piga kabla hujatoka, umuulize trekta lina mafuta.