Picha Isitengwe na Mahubiri Yake

Picha ya nabii Ezekieli katika bonde la mifupa, ile mifupa mikavu ambayo katika Biblia inapewa pumzi na kufufuka, niliijua miaka mingi kama picha tu. Nabii yumo mara mbili: mara moja ameinua mikono kuuelekea mkono wa Mungu, mara ya pili yuko na malaika, na mafuvu yametapakaa chini. Vitabu vya sanaa huichapa peke yake, na maelezo ya mstari mmoja. Kwangu mimi, huko ni kuikata ulimi.

Imetoka katika kitabu cha mahubiri ya Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, askofu wa karne ya nne, kilichotengenezwa Konstantinopoli (Istanbul ya leo) kati ya 879 na 883 hivi kwa ajili ya Kaisari Basil I, mtawala wa Dola ya Bizanti. Leo kiko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, Paris, kwa namba Grec 510. Kina picha zaidi ya 40 za ukurasa mzima, kwa rangi na dhahabu juu ya ngozi, ingawa rangi imebanduka sehemu nyingi.

Ukizitazama picha hizo harakaharaka, nyingine huoni zimefuata nini pale zilipo. Mwaka 1962 mwanahistoria wa sanaa Sirarpie Der Nersessian alizisoma sambamba na mahubiri, akaonyesha jinsi zinavyoshikamana na maneno. Mwanahistoria mwenzake, Leslie Brubaker, katika kitabu chake cha 1999, akaongeza swali ambalo nalipenda sana: nani alikuwa anahubiriwa?

Basil, aliyetengenezewa kitabu hicho, alifiwa na mwanawe Constantine, mrithi wake, mwaka 879. Mfikirie baba huyo anafunua jani, anakutana na mifupa inayongoja pumzi. Ukiyajua hayo, huwezi tena kuiita picha ile pambo.

Iko nyingine, ya Mtaguso wa Konstantinopoli wa 381, yaani mkutano mkuu wa maaskofu. Maaskofu wameketi, na juu ya kiti cha enzi hakuna mtu. Ipo Injili imefunguliwa. Gregori mwenyewe aliongoza mtaguso huo kwa muda kisha akajiuzulu, akachoshwa na ugomvi. Mtu asiyejua hilo ataona kiti kizuri, basi.

Ndiyo maana nawasihi wanaofundisha historia ya sanaa na ya Kanisa: mkimwonyesha mwanafunzi ukurasa wenye picha, mpeni na mahubiri yanayoandamana nao, hata aya mbili. Maktaba imekwisha kuweka kitabu chote mtandaoni, jani kwa jani, na mpangilio wa kale unaonekana. Mwacheni afunue mwenyewe, asome kwanza, ndipo atazame.