Simba, Hatamu na Omena za Watu
Kwa kuwa rafiki yangu ameshasambaza video yake, tena ameikata pale panapomfaa yeye, naomba nieleze yaliyotukia jana asubuhi kwenye ufuo wa Dunga, hapa Kisumu, kabla hamjanibandika jina jipya. Sikuburutwa na mbwa. Mnaonifuata hapa mnajua kwamba mbwa wangu Simba akiona mbuzi ng'ambo ya barabara, bega langu hutangulia kufika huko, na hiyo ndiyo sababu nilinunua hatamu ya kichwani: ukanda mmoja huzunguka pua, mwingine hupita nyuma ya masikio, na kamba hufungwa kwenye pete iliyo chini ya kidevu. Kanuni yake ni ile ile ya punda wanaobeba maji Nyalenda, kwamba kichwa kikigeuzwa, mwili hauna budi kufuata.

Mbwa havishwi kitu hiki na kutolewa barabarani siku hiyo hiyo. Huzoeshwa polepole kuingiza pua mwenyewe, akipewa kitu kitamu kila anapofanya hivyo, kisha ukanda hufungwa kwa muda mfupi, baadaye kwa muda mrefu zaidi. La sivyo atashinda akijikwaruza uso kwa makucha na kuusugua sakafuni. Mimi nilichagua omena, yaani dagaa wa ziwani, kwa sababu ni za bei nafuu, zinaenea mfukoni, na Simba angeuza nyumba yetu kwa ajili yazo. Hatimaye akawa akiona ule ukanda anakuja mbio, pua mbele, kwani kwake hatamu na omena vilikuwa kitu kimoja. (Mliokwisha kubashiri, tulieni.)

Kutoka mtaa wa Milimani tulitembea kwa heshima, kamba imelegea, nami nikijiona mkufunzi. Ufuoni kina mama walikuwa wametandaza omena juani juu ya nyavu. Mmoja wao alikaza leso yake kiunoni akaniuliza, "Kijana wangu, huyo umemfunga mdomo kwa sababu anauma?"

Swali hilo nilikuwa nimelisubiri kwa hamu. Nikasimama wima, nikajibu kwa adabu na kwa kirefu: "La, mama, hiki si kifunga mdomo. Mbwa akivishwa hiki anaweza kufungua kinywa, kuhema, kunywa maji, hata kula."

Nilipotamka "kula", Simba alikuwa ameshafika ukingoni mwa wavu. Kwanza alinitazama mimi. Kisha akazitazama zile omena, zikimetameta hadi karibu na mitumbwi, kama mfanyakazi aliyepokea ujumbe kwamba malimbikizo yote ya mshahara wake yameingia. Akainamisha kichwa, taratibu, akachota kinywa tele. Akatafuna. Ukanda wa pua ukapanda na kushuka bila kumzuia, ukithibitisha kila neno nililomwambia mama. Kuivuta kamba ya hatamu kwa ghafla ni mwiko, kwa kuwa shingo ya mbwa huweza kuumia. Kwa hiyo nilipiga magoti mbele ya ufuo mzima na kumbembeleza kwa sauti ambayo sijawahi kumbembelezea binadamu. Naye akaona hapo ndipo mahali pa kusugulia pua: akalala ubavu katikati ya omena, akabingirika, miguu yote minne ikaelekea mbinguni, na hatamu ikamchomoka.

"Kaa!" nilipaza sauti.

Mzee aliyekuwa akipita akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaniuliza kwa upole amekosa nini.

Kamba ya pili, niliyokuwa nimeifunga kwenye mkanda wa shingoni wa Simba kwa tahadhari ya jambo hilo hilo, ndiyo iliyomzuia asikimbilie wavu wa jirani. Nililipia gorogoro (mikebe ya kupimia) kadhaa za omena, mama hakunipunguzia hata shilingi, tukapanda tuktuk ambayo dereva wake alitutoza nauli ya abiria watatu kwa ajili ya harufu.

Na hizo habari kwamba nami nilibingirika si za kweli. Niliteleza kidogo tu, kwa goti, nikiinuka. Omena mnazoziona mgongoni mwangu kwenye video ni zile alizonirushia Simba alipojikung'uta.